Barbaresco ya 2004 imepauka na ina mashapo chini, je imeharibika?

Dada mmoja wa Malindi kaniuliza swali refu, nalifupisha. Alimfanyia kazi mzee wa Kiitaliano kwa miaka mingi, mzee kachoka karudi kwao, na wakati anafunga nyumba akamwachia chupa moja ya waini nyekundu iliyoandikwa Produttori del Barbaresco, Barbaresco Riserva, Montestefano, 2004. Akamwambia hii si ya kunywa hovyo, imetoka kilima kimoja tu. Chupa ikawekwa kabatini. Juzi dada kaimulika na tochi akaona rangi imepauka inaelekea kahawia na chini kuna uchafu mweusi, jirani akamwambia hiyo ishakuwa siki, mwaga. Anauliza kama kweli imeharibika, hicho kilima kimoja kina nini cha ajabu, na kama ni nzima aifungue lini na ainywe na chakula gani.

Dada yangu, kwanza usimwage kitu. Hayo mawili yaliyokutisha, rangi kupauka na uchafu wa chini, kwa waini ya aina hii na umri huu ndo inavyotakiwa kuwa, mimi ningeshtuka kama ungeniambia chupa ya 2004 bado ni nyekundu ya kukoza mpaka mwanga haupiti. Kinachonipa wasiwasi mimi ni kabati. Kabati la Malindi, na joto lenu lile. Ntalifikia, ila ngoja nianze na zabibu yenyewe manake bila hiyo mengine hayaeleweki.

Barbaresco ni kijiji kidogo huko Piemonte, kaskazini magharibi ya Italia, kwenye vilima vya Langhe karibu na mji wa Alba, mto Tanaro unapita chini yake. Waini inayobeba jina hilo inaruhusiwa kutoka kijiji hicho na jirani zake Neive na Treiso na kipande kidogo cha upande wa Alba, basi, na sheria inataka iwe ya zabibu aina moja tu inayoitwa Nebbiolo, huchanganyi na kitu. Na Nebbiolo ina tabia zake. Inatangulia kuchipua kabla ya wenzake halafu inakuja kuvunwa mwisho kabisa, Oktoba, wakati ukungu umeshaanza kulala mabondeni, kwa hiyo baridi ya mwanzo ni yake, mvua ya mawe ni yake, mvua za mwisho wa msimu ni zake pia. Rangi yake nayo haishiki. Kikemia rangi za ganda la zabibu ziko za namna kadhaa, kuna malvidini ambayo ndo ngumu kuharibika na zabibu nyingi nyekundu zinayo tele, Nebbiolo yenyewe ina nyingi za peonidini na sianidini ambazo zikikutana na oksijeni zinavunjika haraka. Ndo maana hata ikiwa changa ukiitia kwenye glasi unaona vidole vyako upande wa pili, ikifika miaka kumi pembeni inaanza kuvuta rangi ya chungwa, ikifika ishirini ni rangi ya tofali. Hiyo yako imevuka ishirini.

Sasa watu wakiona rangi nyepesi wanadhani waini laini, wee! Nebbiolo changa ina ukakasi kama bibo ambalo halijaiva, ulimi unashikana na kaakaa na meno yanakuwa makavu, na juu ya hapo ina asidi kali. Ukakasi huo ni tanini, inatoka kwenye maganda na kokwa wakati wa kuchachusha, na wazee wa Langhe walikuwa wanaacha maganda ndani ya mvinyo wiki kadhaa ili waikamue yote. Miaka inavyokwenda hizo tanini zinashikana zenyewe kwa zenyewe, zinashikana na rangi pia, zinakuwa nzito zinazama. Kwa hiyo huo uchafu wako wa chini ni rangi na ukakasi vilivyojitoa kwenye waini, hauna sumu, mchungu tu ukiumeza, na kadiri ulivyo mwingi ndo waini ya juu ilivyolainika. Kuhusu siki, wale bakteria wanaogeuza pombe kuwa siki wanataka hewa ya kutosha, ndani ya chupa iliyozibwa vizuri hawana pa kufanyia kazi. Mwambie jirani siki inatokea kwenye chupa iliyoachwa wazi au iliyovuja. Kama kizibo hakijavuja siki sahau.

Haya, kilima. Hapa mzee wako alikuwa na haki kabisa, na nakwambia amekuachia chupa nzuri ya kujifunzia kuliko nyingi za bei kubwa.

Produttori del Barbaresco ni ushirika wa wakulima, hebu fikiria ushirika kama hivi vyetu vya kahawa na korosho tunavyovijua na matatizo yake, sasa huo wa kwao ndo unaotengeneza baadhi ya waini zinazoheshimiwa sana pale. Mwanzo wake ni 1894, bwana mmoja anaitwa Domizio Cavazza, mkuu wa shule ya kilimo cha mizabibu ya Alba, aliwakusanya wenye mashamba wa Barbaresco wakaanza kutengeneza waini pamoja. Kabla ya hapo zabibu zao nyingi zilikuwa zinauzwa kwenda kutengenezea Barolo, waini ya Nebbiolo ya vijiji vya jirani yenye jina kubwa, au zinaishia kuitwa Nebbiolo di Barbaresco tu. Baadaye utawala wa mafashisti ukakifanya chama kife. Kisha 1958 padri wa kijiji, Don Fiorino Marengo, akaona vijana wanakimbilia viwandani na mashamba yanaachwa, akawaunganisha wakulima wadogo 19, na mavuno yao ya mwanzo wakayatengenezea kwenye vyumba vya chini ya kanisa. Leo ni familia zaidi ya hamsini.

Sasa penyewe ni hivi. Wakulima wao wana vipande kwenye vilima vinavyojulikana vizuri, na kuanzia mavuno ya 1967, mwaka mzuri ukija, wanatenga zabibu za kila kilima peke yake, leo ni vilima tisa: Asili, Rabajà, Pora, Pajè, Ovello, Moccagatta, Montefico, Montestefano na Rio Sordo. Mwaka wenyewe huo 1967 jirani yao Gaja, mtengenezaji mwingine wa waini, naye alianza kutoa Sorì San Lorenzo ya shamba moja, na upande wa Barolo watengenezaji Prunotto na Vietti walishatangulia na mavuno ya 1961, kwa hiyo ilikuwa ni zama. Zamani hizo kawaida ilikuwa kuchanganya, unachukua za kilima cha juu zenye harufu unatia na za kilima cha joto zenye nguvu unapata waini iliyokaa sawa, na wapo mpaka leo wanaosema kuchanganya ndo ufundi wenyewe, sijui, mimi nakubaliana nao nusu. Mwaka ukiwa mbaya ushirika hautoi chupa za kilima kimoja kabisa, zabibu zote zinaingia kwenye Barbaresco yao ya kawaida. Kwa mfano 2002 mvua na mvua ya mawe ziliharibu sana, hukuti Montestefano ya 2002 ya ushirika huu, lakini ile ya kawaida ya mwaka kama huo inakuwa imepata zabibu ambazo kwa kawaida haizipati.

Na jambo ninalolipenda mimi kwao ni kwamba zote tisa zinatengenezwa vilevile. Zabibu ileile, chumba kilekile, maganda yanakaa muda uleule, mapipa yaleyale makubwa ya mwaloni, miaka mitatu hivi kwenye pipa halafu chupani. Kwa hiyo ukiziweka mezani mbilimbili, tofauti unayoionja mdomoni haiwezi kuwa ya fundi, imebaki udongo na jua. Wengi wanaouza waini ya shamba moja huwezi kuwapima hivo manake kila mmoja ana mbinu zake. Miaka ya 80 huko Langhe ulizuka ugomvi mkubwa tu kati ya wazee wa mapipa makubwa na vijana waliotaka mapipa madogo mapya ya Kifaransa yanayotia harufu ya vanila, Elio Altare wa La Morra mpaka akachukua msumeno wa mashine akakata mapipa ya baba yake. Ushirika wa Barbaresco haukuingia kwenye mambo hayo, walibaki na mapipa makubwa ya zamani ambayo hayatii harufu ya mbao, na leo wengi wa wale waliobisha wamerudi hukohuko.

Udongo wa pale kwa jumla ni wa mfinyanzi wenye chokaa, wa kijivu unaovuta bluu, ulikuwa chini ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita. Lakini haulingani. Asili una mchanga zaidi, waini yake inatoka nyembamba, yenye manukato, ukakasi wake mwepesi. Pora iko karibu na mto na inalainika mapema, Rio Sordo nayo ni ya upole. Montestefano ni nyingine. Kilima kinatazama kusini, kimejikunja kama bakuli linashika jua kutwa nzima, udongo wake mgumu una chokaa nyingi, na waini inayotoka pale ni ngumu, ya kiburi kidogo, wenyewe wanasema ndo Barbaresco inayofanana na Barolo kuliko zote. Ukiinywa ikiwa na miaka mitano unaweza ukajuta pesa yako. Kwa hiyo mzee alivyokuambia si ya kunywa hovyo alimaanisha hilo, hii ni waini inayodai muda, na muda wake umeshapita sehemu kubwa ikiwa kwake.

Na 2004 ni mwaka mzuri hasa. 2003 lilikuwa joto lile lililoua watu Ulaya, zabibu zilipikwa mtini, kabla yake 2002 ndo hiyo mvua, sasa 2004 ikaja na msimu mrefu wa wastani, mavuno mengi, Oktoba iliyotulia. Waini zake zina harufu nyingi na hazina ubabe, hata za Montestefano. Riserva ya Barbaresco kisheria inakaa miezi hamsini kabla ya kuuzwa, ile ya kawaida miezi 26, kwa hiyo hiyo chupa yako haikuruhusiwa kutoka kabla ya 2009. Ilivyoingia dukani tayari ilikuwa na umri.

Hapa ndo nakuja kwenye kabati lako. Waini kama hii inataka kulala kwenye giza, nyuzi 12 mpaka 14 hivi, bila kuyumbayumba. Malindi ndani ya nyumba usiku ni nyuzi 26, mchana 30 na zaidi. Joto linafanya mambo mawili, linaharakisha kila kitu kinachoendelea ndani, na linatanua waini inasukuma kizibo, usiku ikipoa inavuta hewa ndani. Ukirudia hivo mwaka mzima kizibo kinachoka. Sijui mzee aliihifadhi vipi kwake, kama alikuwa na friji ya waini, wengi wa hao wazee wa Malindi na Watamu wanazo, basi umri wake mwingi imekaa salama, na huo muda wa kwako ndo mtihani.

Iangalie hivi. Shika chupa wima kwenye mwanga, tazama kutoka chini ya kizibo mpaka pale waini inapoanzia. Kama nafasi ni sentimita mbili au tatu hivi kwa umri huu safi kabisa. Ikifika tano na zaidi hewa imeingia, usikate tamaa ila punguza matumaini. Halafu papasa ile karatasi ya bati ya juu, inatakiwa izunguke kidogo ukiishika, kama imeganda kuna kitu kilivuja kikakaukia hapo, na kama kizibo kimenyanyuka kimevimba juu ya mdomo wa chupa basi joto lilishafanya kazi yake. Rangi nayo, ya tofali au chungwa ni sawa, ikiwa kahawia tupu bila wekundu hata katikati hapo oksijeni imeshinda.

Vyovyote utakavyoona, itoe kabatini leo. Iweke kwenye friji ya kawaida, droo ya chini ya mboga ambako hakuna baridi sana, ilale. Friji si mahali pa kuiweka miaka, inakausha kizibo na ile mitetemo haifai, lakini kwa wiki chache au miezi miwili ni afadhali mara mia kuliko kabati. Ukiniuliza uifungue lini, nakwambia kabla ya kaskazi kuanza kuwaka. Montestefano ya 2004 iliyolala vizuri huko Italia ina miaka mingine kumi ya raha mbele yake, yako sitaki uisubirishe. Na hili la kwamba mvinyo ukikaa ndo unazidi kuwa mtamu watu wanalitumia vibaya sana, mvinyo mwingi duniani, huu wetu wa Dodoma ukiwemo na zile za maboksi za supamaketi, umetengenezwa unyweke ukiwa mchanga, kuuweka miaka ishirini ni kuutesa bure.

Siku tatu kabla ya kufungua isimamishe wima ndani ya hiyohiyo friji ili mashapo yashuke chini yote. Kizibo cha miaka ishirini kinavunjika, kwa hiyo tumia kifungulio chenye msokoto mrefu wa chuma, ingiza mpaka chini kabisa, vuta polepole bila papara. Kama unaweza kuazima hotelini kile chenye vijino viwili vinavyoingia pembeni ya kizibo ni bora zaidi, Malindi hamkosi. Kikikatikia ndani usilie, kisukume tu, utachuja na chujio safi la chai. Futa mdomo wa chupa na kitambaa, mara nyingi juu ya kizibo kuna ukungu mweusi, huo hauna neno.

Kisha mimina kwenye jagi safi la glasi, taratibu kwa mkono mmoja bila kurudisha chupa wima, washa mwanga wa simu chini ya shingo ya chupa uone, ukiona tu ule moshi wa mashapo unafika shingoni acha. Itabaki vidole viwili chini, basi, hiyo ni haki ya chupa. Usiiache kwenye jagi kutwa nzima kama wanavyofanya kwa changa, hii imechoka haitaki kupigwa na hewa sana. Ionje ikiwa imefunguliwa tu, halafu nusu saa, halafu saa moja, utaona yenyewe inavyosogea. Na tafadhali achana na ile habari ya nyekundu kunywewa na joto la chumba, chumba wanachosema ni cha Piemonte na mawe yake, si cha Malindi. Unataka nyuzi 16 mpaka 18, yaani ukiitoa friji iache dakika ishirini tu mezani, na ikianza kupata joto irudishe. Glasi kubwa, jaza theluthi.

Utakachonusa, kama ni nzima: waridi lililokauka, cheri kavu, ganda la chungwa, halafu chini yake kuna lami, ndiyo, lami ya barabarani, ndo alama ya Nebbiolo na wala si kasoro, kisha tumbaku, ngozi, uyoga, udongo uliolowa. Usitafute utamu wa matunda, uliisha zamani. Mdomoni asidi bado itakuwa hai, na ukakasi utausikia mwishoni kabisa, umebaki kama vumbi laini kwenye fizi, Montestefano hauishi wote hata ukiwa mzee. Mara ya kwanza inaweza isikuvutie, watu waliozoea waini tamu wanaiona kali na haina kitu, jipe glasi ya pili ukiwa umetulia. Sasa harufu za ubovu nazo zijue. Ikinuka boksi lililolowa maji au kitambaa cha chini ya sinki, hiyo ni kasoro ya kizibo, haihusiani na kabati lako na hakuna dawa. Ikinuka jemu iliyoungua na zabibu kavu zilizopikwa, hilo ni joto. Ikinuka tofaa lililokatwa likaachwa mezani na ladha imelala bapa, hewa. Zote tatu hazikudhuru ukinywa, ni huzuni tu.

Chakula. Kwao wanakula na nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole ndani ya mvinyo masaa matatu manne, au tajarin, tambi nyembamba za viini vya mayai na siagi, na msimu ukiwa mzuri wanakwangua juu yake tartufo nyeupe, ule uyoga wa chini ya ardhi wa Alba unaouzwa kwa gramu. Hapo kwenu sahau samaki kwanza, samaki wa kupaka ni kitamu lakini ukimkutanisha na tanini mdomo unajaa ladha ya chuma. Pilipili pia hapana, inafanya pombe iwake na ukakasi urudi, na ndimu nyingi nayo inaua harufu. Chukua mbuzi au ng'ombe, mpike taratibu mpaka aachane na mfupa, vitunguu, kitunguu saumu, chumvi, nyanya kidogo sana. Pilau ya nyama inakaa nayo vizuri ajabu kama hukuzidisha bizari nzima na kachumbari ukaiweka mbali, mdalasini na karafuu vinaongea lugha moja na hiyo harufu ya waridi kavu. Watu wanne wanatosha kwa chupa moja, watano itakuwa kugombana.

Ikibaki, irudishe kwenye chupa ndogo ijae mpaka juu, funga, friji, na uimalize kesho mchana. Changa inaweza kuwa bora siku ya pili, hii haitakuwa. Yale mashapo ya chini usimpe mtu akanywa kwa kuona huruma, tia kwenye mchuzi wa hiyo nyama kesho yake, yanasaidia rangi na hakuna atakayejua.